Kijana anaomba raba za vyuma? Tazama soli kabla ya bei

Jioni mjini Bariadi, jua linapopungua makali, vijana hukusanyika kwenye ua wa nyumba ya mmoja wao. Katikati ya ua kuna bomba la chuma ambalo kila upande limezamishwa kwenye kopo la rangi lililojazwa zege. Pembeni kuna benchi la mbao, na labda rimu ya gari iliyogeuzwa mzigo. Hiyo ndiyo jimu yao. Mmoja amevaa ndala, mwingine yuko peku, wa tatu ana suruali ya jinzi na fulana ya shule. Hakuna kioo, hakuna kocha na hakuna anayelipa kiingilio.

Kisha siku moja kijana anaingia ndani na ombi.

"Mama, naomba hela ya raba za mazoezi."

"Raba zipi tena, baba? Za shule zina miezi mingapi?"

"Hizo haziwezi, mama. Kuna zile za soli nene, zina hewa ndani. Wenzangu wote wanazitaka."

Mazungumzo ya namna hii si mageni katika nyumba zenye vijana, na mara nyingi huja wakati fedha ya pamba imekwisha kupangiwa ada, sare na madeni ya dukani. Mama ana haki ya kuguna. Kijana naye ana haki yake, kwa sababu anahitaji kweli kiatu cha kunyanyulia vyuma. Tatizo ni kwamba kiatu anachokililia, chenye soli nene na laini, ni miongoni mwa viatu visivyofaa kwa kazi hiyo. Kinachofaa mara nyingi ni cha bei ndogo zaidi.

Kabla ya viatu, kuna hofu moja ya wazazi inayostahili kujibiwa. Wengi huamini kuwa mtoto akinyanyua vyuma atadumaa. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika waraka wake wa mwaka 2020, kilisema mazoezi ya nguvu yanayosimamiwa vizuri, yenye uzito unaolingana na umri na mkao sahihi, hayazuii ukuaji. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku tatu kwa wiki, na watu wazima angalau siku mbili. Kwa hiyo kijana aliye uani hafanyi ujinga. Kinachomweka hatarini ni mzigo mkubwa kuliko uwezo wake, kukosa mtu mzima wa kumwangalia, na hicho alichovaa mguuni.

Soli laini ni ya kukimbilia

Mtu anapokimbia, kila hatua mguu wake hupiga ardhi kwa kishindo kinachozidi uzito wa mwili wake. Ndiyo maana viatu vya kukimbilia hutengenezwa na sponji nene chini, ili imeze kishindo hicho. Kunyanyua vyuma ni kazi nyingine kabisa. Miguu imesimama mahali pamoja, na mzigo unashuka kutoka begani hadi kwenye unyayo. Sponji ikibanwa na mzigo hubonyea upande mmoja zaidi ya mwingine, kifundo cha mguu kikayumba, goti likafuata, mgongo nao ukalazimika kurekebisha.

Mama anayechota maji analijua jambo hili bila kufundishwa na mtu. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Ajaribu kujitwisha ndoo hiyo akiwa amesimama juu ya godoro, ataona kazi yake. Kijana anayechuchumaa na bomba la zege begani akiwa amevaa raba za soli nene amesimama juu ya godoro dogo. (Na kwa kuwa mama huyo hubeba kilo 20 kila siku, mara nyingine kwa safari tatu au nne, haifai mtu kumwambia kwamba mazoezi ya nguvu ni mambo ya vijana.)

Kiatu kinachofaa kina soli bapa, ngumu na isiyonenepa kisiginoni, na kinafunika vidole. Raba za kitambaa, zile zinazovaliwa shuleni kwenye michezo, zinatosha kabisa kwa anayeanza. Hata wanyanyuaji wazoefu ng'ambo hupenda viatu vya Converse All Star, vilivyobuniwa mwaka 1917 kwa ajili ya mpira wa kikapu, kwa sababu tu soli yake ni bapa na haibonyei. Wanaoshindana kwenye Olimpiki huvaa viatu maalumu vyenye kisigino kigumu kilichoinuliwa kidogo ili waweze kuchuchumaa chini sana bila kisigino kuachana na ardhi. Hivyo ni ghali, na kijana wa uani havihitaji.

Njumu za mpira hazifai. Meno yake hayakai sawa kwenye sakafu, na juu ya saruji yanateleza. Yeboyebo hulegea mguuni. Katambuga ndizo zinazoshangaza: soli yake ya tairi ni bapa na ngumu, karibu kabisa na inayotakiwa, ila vidole viko nje na mguu ukitoka jasho huteleza ndani ya mikanda. Ndala hazihitaji maelezo. Aliyewahi kuponyokwa na ndala akiwa na mzigo kichwani anaelewa.

Na peku je? Kwenye jimu za mijini zenye sakafu ya mpira, wapo wanaonyanyua bila viatu na hawapati shida. Ua wa nyumba una misumari, vipande vya chupa na kinyesi cha kuku. Jeraha dogo la msumari wenye udongo linaweza kuingiza vimelea vya pepopunda, na kijana aliyepata chanjo utotoni anaweza kuhitaji kuongezewa nyingine. Akichomwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni, kisha aende kituo cha afya, hata kama ameacha kusikia maumivu.

Kwa mzazi mwenye kisukari, peku ni marufuku kabisa, ndala nazo si za kutegemea. Ugonjwa huo ukikaa muda mrefu huua hisia za miguu, na mtu anaweza kukanyaga kokoto ndani ya kiatu kwa saa nzima asijue. Huyu anatakiwa kukung'uta viatu kabla ya kuvivaa, kuvaa soksi safi zisizobana, na kutazama nyayo zake baada ya mazoezi, hata kwa kumwomba mtoto amwangalizie. Kidonda kidogo kilichopuuzwa ndicho huishia kwenye kukatwa mguu.

Ni vizuri pia kusema wazi kwamba raba ya kitambaa haitazuia kopo la zege kuvunja kidole. Inazuia mikwaruzo na kuteleza, basi. Kinachookoa vidole ni kuwa na mwenzake wa kushika bomba upande wa pili, na kushusha mzigo badala ya kuuachia.

Kukunja, kupinda, kuweka mezani

Viatu vingi vitanunuliwa mtumbani, na hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kulipa kabla ya kukagua.

Cha kwanza ni kubonyeza soli kwa dole gumba, kwa nje na kwa ndani. Ikizama kama mkate, kiatu hicho ni cha kukimbilia au cha kutembelea. Kisha kiatu kiwekwe juu ya meza na kuguswa pembeni. Kikiyumba, aliyekivaa mwanzo amekula upande mmoja wa soli na mnunuzi mpya atarithi mwendo wake. Baada ya hapo kishikwe kisigino na ncha, kisokotwe kama nguo inayokamuliwa. Kiatu kizuri hukataa kusokotwa sana, lakini hukunjika mahali vidole vinapokunjika.

Jaribio la mwisho ni la umri. Viatu vya mtumba huweza kuwa vimekaa miaka mingi kabla ya kufika mnadani, na aina fulani za sponji za soli huoza zenyewe kwa unyevu na joto hata kama kiatu hakijavaliwa. Juu kinang'aa, chini kimekwisha. Kikikunjwa kwa nguvu na soli ikatoa nyufa au unga, kirudishwe. Ni afadhali soli iachie sokoni kuliko iachie kijana akiwa na mzigo begani.

Kiatu kijaribiwe alasiri, kwa sababu miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na kijaribiwe na soksi zitakazovaliwa. Mguu mkubwa kati ya miwili ndio unaoamua saizi. Hapa ndipo wazazi wengi hukosea kwa nia njema, kwa kununua "kiatu cha kukulia". Kwa sare ya shule mtu anaweza kuvumilia, lakini kwa vyuma kiatu kinachopwaya hufanya mguu uteleze ndani yake na vidole vikakamae kushika soli. Nafasi ya upana wa dole gumba mbele ya vidole inatosha. Kujaza magazeti mbele hakusaidii, kwa kuwa kinachopwaya ni kisigino na upana pia.

Kikifika nyumbani, kitambaa cha ndani kitolewe na kibadilishwe ikiwezekana, kiatu kioshwe kwa sabuni na kukaushwa vizuri kabisa. Fangasi wa miguu hupenda kiatu chenye unyevu, na hawabagui mmiliki.

Mama naye anataka kuanza

Kliniki za shinikizo la damu na kisukari huwaambia kina mama wafanye mazoezi. Ushauri ni mzuri, lakini mara chache unafuatana na jibu la swali ambalo mama hulibeba hadi nyumbani: nivae nini? Kwa mama wa Bariadi, Maswa au Lamadi, swali hilo si la urembo. Baba mkwe yupo uani, majirani wanapita, na suruali ya kubana inaweza kuzua maneno ya wiki nzima. Wengi huacha mazoezi kabla hawajayaanza, na sababu ni nguo.

Dera ni vazi zuri la kupumzikia, si la kunyanyulia mzigo. Mama akichuchumaa, pindo hujikusanya chini ya visigino, na akiinuka hulikanyaga. Kanga iliyofungwa kiunoni hufunguka pale mikono yote miwili ina kazi. Kuna njia ya katikati isiyomvunjia mtu heshima: taiti au suruali laini ndani, na juu yake fulana pana inayofika mapajani au gauni linaloishia magotini. Wanaopenda zaidi ya hapo huvaa sketi yenye marinda juu ya suruali, mradi isifike chini. Wanaovaa hijabu wachague fupi ya kitambaa cha kuvutika, isiyo na pini, na ncha ziingizwe ndani ya fulana ili zisinase kwenye bomba.

Wasukuma hawana ugeni na jambo hili. Wagika na Wagalu wanapoingia uwanjani kushindana ngoma, hakuna anayeuliza kwa nini mchezaji hakuvaa nguo ya kanisani. Kazi ya mwili ina vazi lake.

Sidiria ndiyo inayosahaulika zaidi. Titi halina msuli wa kulishikilia; linashikiliwa na ngozi na tishu laini ambazo zikivutika hazirudi. Kunyanyua vyuma hakurushi mwili kama kukimbia, kwa hiyo mama hahitaji sidiria ya gharama kubwa. Anahitaji yenye mikanda mipana, isiyo na waya, kwa sababu waya humchoma akilala kwenye benchi. Aruke mara tatu dukani na ainue mikono yote juu. Ikipanda, ni kubwa. Vidole viwili visipopita chini ya mkanda wa mgongoni, inabana mno. Anayenyonyesha amnyonyeshe mtoto kwanza, ndipo afanye mazoezi. Titi lililojaa likibanwa kwa muda mrefu linaweza kuziba njia za maziwa na kuleta uvimbe.

Sidiria hiyo inunuliwe mpya. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba, ingawa bado zinaonekana kwenye marundo. Pamoja na suala la usafi, sidiria iliyokwisha kuvutika haishikilii tena kitu.

Jasho halichomi kitambi

Kuna nguo moja ambayo mzazi anatakiwa kuikataa bila majadiliano. Ni koti zito, mfuko wa nailoni au mkanda wa kubana tumbo unaovaliwa ili "kuyeyusha mafuta". Wengi huvua mkanda huo, huona jasho linatiririka, hupanda kwenye mizani na kufurahi. Kilichopungua ni maji. Glasi chache za maji zitakirudisha chote kabla ya chakula cha usiku.

Jasho lina kazi moja, nayo ni kuupoza mwili linapokauka juu ya ngozi. Likizuiwa lisikauke, joto hubaki ndani. Mwishoni mwa mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vikuu nchini Marekani, vijana wenye afya, walifariki dunia ndani ya takriban mwezi mmoja, kila mmoja kwenye chuo chake, walipokuwa wakifanya mazoezi kwa mavazi yasiyopitisha hewa ili wapunguze uzito haraka. Mavazi hayo yalipigwa marufuku kwenye mieleka ya vyuo baada ya hapo. Walikuwa kwenye nchi ya baridi. Jua la Simiyu halihitaji msaada wa nailoni.

Mkanda wa tumbo una ubaya mwingine: humzuia mtu kuvuta pumzi hadi chini, na pumzi hiyo ndiyo inayoimarisha kiuno anaponyanyua. Mama aliyejifungua karibuni amwulize mkunga wake kabla ya kufunga chochote au kunyanyua kitu kizito.

Pamba yetu au ile ya kuteleza?

Simiyu ndiyo inayoongoza kwa kilimo cha pamba nchini, na bado vijana wake wengi hufanya mazoezi na jezi za poliesta. Kila kitambaa kina tabia yake. Poliesta hukauka haraka. Pamba hunyonya jasho, ikalowa na kuwa nzito, na anayetoka jasho sana inaweza kumchubua mapajani na kwapani. Lakini mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walichunguza fulana za watu 26 baada ya mazoezi makali, wakakuta kwamba za poliesta zilinuka vibaya kuliko za pamba, kwa kuwa bakteria fulani wa harufu walistawi zaidi kwenye poliesta. Mzazi anayelala nyumba moja na jezi ya kijana wa miaka 16 hakuhitaji watafiti.

Kwa mazoezi ya nusu saa uani, fulana ya pamba na bukta pana vinatosha. Seti mbili, moja ikiwa kambani nyingine mwilini. Nguo iliyolowa ivuliwe mara mazoezi yanapokwisha, maana fangasi wa mapajani huanzia hapo, na taulo lisizungushwe kwa watu watano. Jinzi ziachwe, hazimruhusu mtu kuchuchumaa, naye hufidia kwa kupinda mgongo.

Pete ivuliwe, hata ya ndoa, kwa kuwa inaweza kunasa kati ya bomba na kidole. Simu na funguo zitoke mfukoni. Glovu ni hiari. Wapo vijana wanaochukua chaki za shule, zile zinazotengenezwa hapo hapo Maswa, ili mikono isiteleze. Ile ya wanyanyuaji ni magnesiamu kabonati, kitu tofauti na chaki ya ubaoni, na kwa mzigo wa uani kitambaa kikavu cha kufutia mikono kinatosha.

Kwa hiyo fedha ikiwa ya kitu kimoja tu, iende kwenye kiatu cha kijana, na kwa mama iende kwenye sidiria, kwani raba za kitambaa pengine anazo tayari. Fulana na bukta zitapatikana kabatini.

Mnadani, mama akianza kukunja raba kwa mikono miwili, muuzaji atalalamika. "Mama, utaniharibia mali!" Atajibiwa kwamba kama inaharibika kwa mikono ya mama, haiwezi kubeba zege. Kijana atatazama pembeni kwa aibu, huku akinyoosha kidole kwenye zile za soli nene. Akabidhiwe moja abonyeze mwenyewe kwa dole gumba, kisha abonyeze na ile ya kitambaa, ndipo bei ianze kuzungumzwa.